Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya na Daftari Lake

Yamkini hakuna mtunzi wa Kiafrika ambaye utungo wake umepita katika vinywa vingi kuliko Enoch Mankayi Sontonga, na yamkini hakuna ambaye jina lake hutajwa mara chache zaidi na wale wanaouimba. Watoto wa shule za Tanzania husimama wima na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Wenzao wa Zambia huimba lahani iyo hiyo kwa maneno mengine, na wale wa Afrika Kusini huanza nayo wimbo wao wa taifa kabla ya kuhamia lahani ya pili. Waulize ni nani aliyeitunga. Wengi watakutajia chama, au rais, au watakwambia kuwa ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe.

Siwacheki, kwa maana ujinga wangu mwenyewe ulifichuka hadharani. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, katika kongamano moja la wanafunzi wa Kiswahili, nami nikapewa jukumu la kuwashukuru wageni wetu kutoka Tanzania. Kwa kutaka kuwafurahisha, nikausifu wimbo wao wa taifa na nikamsifu mshairi wa Kitanganyika aliyeutunga. Ukumbi ukanyamaza kidogo. Baadaye, wakati wa chai, mhadhiri mmoja wao, mama wa makamo, alinivuta kando akaniita mwanangu na kunieleza kwa upole kwamba mtunzi hakuwa Mtanganyika wala hakupata kuiona Tanganyika, na kwamba alikufa miaka 56 kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Nilirudi kwetu Olkaria likizo hiyo na aibu yangu mfukoni. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, katika sehemu ambayo leo ni Jimbo la Rasi ya Mashariki la Afrika Kusini. Mji wenyewe ulibadilishwa jina mwaka 2021 ukawa Kariega. Alikuwa Mxhosa wa ukoo wa Mpinga. Wasimulizi wa maisha yake wanatueleza kwamba alipata mafunzo ya ualimu katika Taasisi ya Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko ndiko alikofanya kazi yake yote ya maana. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji mashuhuri wa Kanisa la African Methodist Episcopal, wakajaliwa mwana mmoja wa kiume. Mbali na ualimu alikuwa kiongozi wa kwaya, mpiga picha wa kujifurahisha, na mhubiri mlei katika kanisa la Mchungaji P. J. Mzimba, yule aliyejitenga na Wamisionari wa Kiskoti mwaka 1898 na kuanzisha kanisa la Waafrika wenyewe. Jambo hili la mwisho lisipitwe haraka. Mtu aliyechagua kuhubiri chini ya Mzimba katika miaka ile alikuwa amekwisha kuamua kwamba Mwafrika anaweza kusimama mbele ya Mungu bila kusindikizwa.

Lovedale yenyewe inastahili maneno mawili matatu. Ilikuwa chemchemi ya wasomi wa Kixhosa kwa namna ambayo sisi wa Kenya tungeweza kuifananisha na Alliance, na wenzetu wa Uganda na Budo. Palikuwapo chuo, palikuwapo mitambo ya uchapaji, na palikuwapo muziki. Kabla ya Sontonga alikuwapo huko John Knox Bokwe (1855-1922), mtunzi ambaye pamoja na mengine alihifadhi kwa maandishi nyimbo za Ntsikana, nabii na mshairi wa Kixhosa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo tusimwone Sontonga kama uyoga uliochipuka peke yake jangwani. Alitokea katika mapokeo yaliyokwisha kujijua.

Zana ya mapokeo hayo ilikuwa solfa. Wasomaji waliopitia kwaya za shule watakumbuka: do, re, mi, zikiandikwa kwa herufi zake za mwanzo tu, pamoja na nukta na mistari ya kupimia mapigo. Mfumo huu ulikuzwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakausambaza kila walikokwenda. Hauhitaji piano wala ile mistari mitano ya wanamuziki wa Ulaya. Ubao na chaki vinatosha. Wataalamu wa muziki wameulaumu kwa kuyafunga masikio ya Waafrika katika ngazi ya Kizungu, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, bila solfa mwalimu maskini wa Nancefield asingekuwa na njia ya kuandika sauti nne kwenye daftari la mazoezi, na leo tusingekuwa na la kujadili.

Mwaka 1897 ndipo alipoandika ubeti mmoja na kiitikio cha wimbo aliouita Nkosi Sikelel' iAfrika. Ulikuwa wimbo wa ibada kwa ajili ya wanafunzi wake, mmoja kati ya nyingi alizokuwa akiwatungia na kuziandika kwa mkono wake katika daftari. Inasemekana nyingi ya nyimbo hizo zilikuwa za huzuni, na ukiutazama mwaka wenyewe huna haja ya kuuliza kwa nini. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na ndani ya miaka kumi maelfu kwa maelfu ya wanaume walikuwa wamekwisha kuvutwa kutoka mashambani mwao kwenda kuishi katika makambi ya machimbo. Juu ya hayo likaja tauni la ng'ombe, yaani sotoka, lililoingia kusini mwa Mto Zambezi mwaka 1896 na kuteketeza mifugo katika mwaka ule ule wa 1897. Mimi niliyekulia Olkaria nililisikia neno hili kabla sijalisoma. Ni sotoka hiyo hiyo iliyopita kwanza katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwafukarisha Wamaasai, kisha ikashuka kusini hatua kwa hatua. Wazee wa upande wetu bado hutaja maafa yale kana kwamba yalitokea kwa babu zao wa juzi. Kumbe dua iliyotungwa Nancefield ilitungwa katika mkondo wa balaa lililokwisha kuyapitia malisho yanayozunguka vilima vya kwetu.

Sontonga na kwaya yake waliimba wimbo huo huku na huko Johannesburg na Natal, na kwaya nyingine zikaudaka. Inaelezwa kwamba mara ya kwanza uliimbwa hadharani mwaka 1899, katika ibada ya kumtawaza Mchungaji Boweni, Mmethodisti wa kabila la Watsonga. Angalia basi: wimbo wa Kixhosa, uliotungwa na mwalimu aliyehama kwao, unaimbwa kwanza mbele ya watu katika kumwenzi mchungaji ambaye si Mxhosa. Tangu siku yake ya kwanza hadharani ulikuwa umevuka mpaka wa kabila. Mwaka huo huo wa 1899 vikaanza Vita vya Makaburu na Waingereza, vilivyokwisha mwaka 1902.

Sontonga hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi, baada ya kusumbuliwa na maradhi ya tumbo. Akazikwa Braamfontein, Johannesburg, katika sehemu ya makaburi iliyotengewa Wakristo weusi. Magazeti makubwa ya jiji hayakuwa na sababu ya kumwandika, na ulimwengu wa muziki haukujua kwamba umepungukiwa na mtu.

Daftari likabaki kwa mjane. Viongozi wa kwaya wakawa wanakuja kwa Diana kuazima nyimbo za marehemu mumewe, wananakili, wanaondoka. Hatimaye, yasimuliwa, aliuza haki ya wimbo ule mmoja kwa peni sita. Peni sita ni nusu ya shilingi. Ni sumuni tu, kwa lugha ya wazee wetu. Diana alifariki mwaka 1929, akiwa amekwisha kuusikia wimbo wa mumewe ukiimbwa katika mikutano ya kisiasa nchi nzima. Na daftari? Limepotea. Hatuna leo hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wa Sontonga. Nyimbo nyingine zote zilizokuwamo zilizama nalo, na kwa hakika hatuwezi kusema kama ile iliyosalimika ndiyo iliyokuwa bora. Huenda ilikuwa tu ndiyo iliyoazimwa na watu wengi zaidi.

Mtu alikufa, wimbo ukaanza kuishi. Kwaya ya Taasisi ya Ohlange, shule iliyoanzishwa na John Dube huko Natal, iliutangaza sana. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa African National Congress, Dube akachaguliwa kuwa rais wa kwanza na mkutano ukafungwa kwa sala na wimbo huo. Mwaka 1925 chama kikaufanya kuwa wimbo wake rasmi. Kati ya tarehe hizo mbili ipo nyingine ambayo mwanafunzi wa fasihi atapenda kuikumbuka: tarehe 16 Oktoba 1923, jijini London, Sol Plaatje aliuimba na ukanaswa kwenye sahani ya santuri, Sylvia Colenso akimpigia piano. Plaatje huyu ndiye mwandishi wa Kitswana aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare katika lugha ya mama yake, miongo kadhaa kabla Nyerere hajatupatia Kaizari na mabepari wa Venisi kwa Kiswahili. Sijui kama Nyerere alipata kuisikia santuri hiyo, ila hawa wawili wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Ubeti mmoja ulikuwa mfupi kwa haja za taifa. Mwaka 1927 ukaja mkono wa pili. Samuel Edward Krune Mqhayi (1875-1945), mshairi mkuu wa Kixhosa, ambaye kwa cheo chake katika lugha yake sisi tungemweka pale tunapomweka Shaaban Robert, aliongeza beti saba. Humo aliwaombea machifu, viongozi wa umma, vijana, wanawake, wahubiri, kilimo na mifugo, elimu na umoja. Orodha nzima ya mahitaji ya jamii. Kwa hiyo tunapouita wimbo huu wa Sontonga tunasema kweli, lakini kweli yenye nyongeza: lahani ni yake, ubeti wa kwanza na kiitikio ni vyake, mwili uliobaki ni wa Mqhayi. Mwaka 1942 Moses Mphahlele akatoa matini ya Kisotho. Wimbo ukawa kama mto unaopokea vijito.

Hapa sina budi kugusia shauri moja ambalo halimwachi Sontonga apumzike. Wapo wanaosema kwamba lahani yake aliitoa katika wimbo wa ibada uitwao Aberystwyth, uliotungwa na Joseph Parry wa Wales. Parry (1841-1903) alikuwa mtunzi wa muziki wa kitaalamu na profesa. Alianza kazi ya sulubu akiwa mtoto wa miaka tisa, akahamia Marekani na wazazi wake mwaka 1854, akarudi kusoma katika Chuo cha Kifalme cha Muziki London, na mwaka 1874 akawa profesa wa kwanza wa muziki wa chuo kikuu cha Aberystwyth. Opera yake Blodwen ya mwaka 1878 hutajwa kuwa ya kwanza kwa Kiwelshi. Yaani ni mtu wa kabwela aliyepanda ngazi, na sina ugomvi naye.

Nimezisikiliza lahani hizo mbili mara nyingi, kwa masikio ya mwanakwaya wala si ya profesa. Ya Parry iko katika ngazi ya huzuni, ile wanayoiita maina. Ya Sontonga iko katika meja. Ya Parry inajikunja na kutambaa; ya Sontonga inasimama wima tangu noti ya kwanza. Zinafanana kwa jinsi nyimbo za ibada za karne ya 19 zilivyofanana zote, kama mashairi ya tarbia yanavyofanana kwa kuwa na mishororo minne. Hakuna anayemwita Muyaka mwizi kwa sababu alitumia mizani ya watangulizi wake. Nashuku kwamba shauri hili lina nguvu kwa sababu moja tu: Parry aliacha miswada, cheo na chuo, ilhali Sontonga hakuacha hata daftari la kujitetea.

Tugeukie sasa upande wa Kiswahili, ambako nadhani jarida letu lina haki ya kukaa kidogo. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa ikiimba dua hii hata kabla ya uhuru, na tarehe 9 Desemba 1961 ikawa wimbo wa taifa wa Tanganyika kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ikaendelea kuwa wimbo wa Tanzania. Kuna kinaya kizito hapa. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imekipiga marufuku chama cha ANC mwezi Aprili 1960. Wakimbizi wake walipofika Dar es Salaam, na baadaye Morogoro na Mazimbu, waliikuta lahani ya chama chao ikipigwa na bendi ya jeshi, askari wakiipigia saluti. Kilichokuwa kosa kwao kilikuwa heshima ya dola ugenini.

Kwa nini maneno ya Kiswahili yalikaa vizuri hivyo juu ya lahani ya Kixhosa? Tuhesabu mizani. Katika anwani ya Kixhosa, neno la kwanza lina silabi mbili; la pili, irabu yake ya mwisho ikiangushwa na kupokewa na kiambishi cha neno linalofuata, linatoa nne; Afrika inatoa tatu. Jumla ni tisa. Katika Mungu Ibariki Afrika tunapata mbili, nne na tatu. Tisa vilevile, na mipaka ya maneno inaangukia palepale. Tena Kixhosa, ingawa ni lugha yenye kidatu, hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho wa kirai, nasi katika Kiswahili mkazo wetu hukaa papo hapo. Ndugu wa Kibantu walikutana barabarani wakatambuana kwa mwendo.

Hata kitenzi kinafurahisha. Kiambishi cha yambwa i- kinaiwakilisha Afrika katika ngeli ya I-ZI, na katika Kixhosa pia jina hilo hutanguliwa na i-. Kisha, kwa kuwa kubariki ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, irabu yake ya mwisho haigeuki katika hali ya kuomba kama ambavyo ingegeuka kwa kitenzi cha Kibantu. Laiti mtafsiri angechagua kujalia, angelazimika kusema ijalie. Tafsiri njema mara nyingi huwa na bahati ndogondogo za namna hii, na fundi ni yule anayezitambua zinapopita.

Lakini tafsiri hunyang'anya pia. Ubeti wa Sontonga uliomba pembe ya Afrika iinuliwe juu. Hii ni taswira ya Zaburi, ambamo pembe ni nguvu na heshima, na kwa mfugaji wa Kixhosa ilikuwa na maana ya pili isiyohitaji Biblia. Kiitikio chake nacho kilimwita Roho Mtakatifu ashuke. Katika Kiswahili pembe haipo, wala Roho hayupo. Badala yake wanaombewa viongozi, pamoja na wanawake, wanaume na watoto, na hekima, umoja na amani zinatajwa kuwa ngao. Pembe imegeuka ngao. Naelewa sababu ya kumwacha Roho: nchi ilikuwa ya Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi, na jina Mungu liliwaunganisha wote. Ila pembe naisikitikia. Sisi tuna siwa la pembe la Pate na siwa la shaba la Lamu, alama za enzi zilizopulizwa katika sherehe za watawala wa pwani. Taswira ile ingepata makao mema kabisa katika Kiswahili. Ajabu ni kwamba Kenya nayo, mwaka 1963, ilichagua ngao katika wimbo wake. Kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua lahani ya bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana na kuivika Kiswahili, na humo haki ikaombwa iwe ngao. Hyslop, tukumbushane, ndiye mwandishi wa tamthilia za Mgeni Karibu na Afadhali Mchawi za mwaka 1957 tunazozisoma katika historia ya tamthilia ya Kiswahili. Tanganyika iliazima wimbo wa kanisani kutoka mbali. Kenya iliazima wa kubembelezea mtoto kutoka nyumbani. Sijaona bado tasnifu iliyozilinganisha njia hizo mbili ipasavyo.

Zambia iliipokea lahani ya Sontonga ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 na kuitungia maneno yake. Zimbabwe iliutumia wimbo huo kwa Kishona tangu tarehe 18 Aprili 1980, siku ambayo kwa sadfa tupu ilitimiza miaka 75 kamili tangu mtunzi afe, hadi mwaka 1994 ulipopatikana wimbo mpya. Namibia nayo iliutumia kwa muda mfupi baada ya uhuru wa mwaka 1990. Na Afrika Kusini yenyewe, mwaka 1994, ikawa na nyimbo mbili za taifa kwa pamoja, huu na ule wa utawala wa zamani, kabla ya kuziunganisha mwaka 1997 katika wimbo mmoja wa lugha tano. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo ya kuunganisha alikuwa Mzilikazi Khumalo (1932-2021), mtunzi wa opera ya Princess Magogo na profesa wa lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Nalitaja hili kwa wale wanaotuambia kwamba mtu wa idara ya lugha hana kazi ya kufanya nje ya idara ya lugha.

Kaburi je? Wimbo ukiwa na umri wa karibu karne nzima, hakuna aliyeweza kuonyesha alipolala mwenyewe. Msako ulifanywa Braamfontein katika miaka ya 1990, na kwa muda mrefu haukuzaa matunda, kwa sababu waliotafuta walitafuta Sontonga katika rejista za makaburi, ilhali karani wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika kwa jina la Enoch tu. Mtu mweusi hakuhitaji jina la ukoo katika daftari lile. Walipolitambua hilo, kaburi likapatikana. Tarehe 24 Septemba 1996 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, Rais Nelson Mandela akazindua mnara, na nishani ya heshima ikakabidhiwa kwa mjukuu wa marehemu, Bi. Ida Rabotape.

Niliposoma habari za karani yule niliweka kitabu chini, nikamkumbuka mwalimu wetu wa kwaya wa Olkaria. Yeye pia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye pia aliandika kwa solfa, mchana akifundisha hesabu na jioni akitupangia sauti nne chini ya mlio wa mvuke unaofoka visimani. Wimbo wake mmoja wa mavuno unaimbwa hadi leo na kwaya za Naivasha na Gilgil. Nimeusikia hata katika kanda ya kwaya moja ya mjini, na kwenye jalada lake pameandikwa kuwa ni wa jadi. Mwenyewe alifariki nikiwa kidato cha tatu.

Likizo iliyopita nilimtembelea mjane wake. Daftari analo, la kurasa 96, lenye jalada la manila, amelihifadhi ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Panya wamezila kurasa tatu za mwisho. Aliniambia kuwa watu watatu wamekwisha kuja kuliazima akawakatalia, si kwa ubahili, ila kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa naye na kunakili hapo hapo mezani pake. Nilikaa siku nne. Nimenakili nyimbo kumi na moja, kila moja ikiwa na jina lake kamili, la kwake na la ukoo, juu ya ukurasa. Zimebaki sita, nami nimemwahidi mama kurudi Desemba.